Safari moja, daftari moja: siku saba Garissa na Ijara baada ya mvua

Maji ya vuli yakishasimama wiki mbili tatu kwenye mabonde ya udongo mweusi wa Ijara, siku huanza kuhesabiwa. Baada ya mlipuko wa 2006–2007 wa homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi wa mifugo unaoenezwa na mbu na kuwapata watu pia, wafugaji wa kaskazini mashariki mwa Kenya waliulizwa mambo yalivyofuatana, nao walikumbuka vizuri. Kwa wastani, siku 24 tangu mvua kubwa hadi mbu kutanda. Siku 17 tangu mbu hadi mnyama wa kwanza kuugua. Siku 17 au 18 nyingine hadi mtu wa kwanza. Huduma ya mifugo iliwafikia yapata siku 62 baada ya mnyama wa kwanza. Ukitoa, utaona kwamba watu walikuwa wameshaugua kwa karibu mwezi mmoja na nusu kabla ya daktari wa mifugo kufika kwenye boma.

Mzunguko unaosimuliwa hapa kazi yake ni kuzipunguza hizo siku 62. Ni watu saba katika magari mawili: daktari wa mifugo, afisa wa kufuatilia magonjwa ya binadamu, muuguzi wa kike wa kutoa damu, mtaalamu wa wadudu, mkalimani wa Kisomali na madereva wawili.

Siku ya 1. Garissa mjini

Siku nzima ni ya kupanga, na siku hii ndiyo huamua kama safari ni ya Afya Moja kweli, yaani afya ya watu na ya wanyama zikishughulikiwa pamoja, au ni idara mbili zilizopeana lifti.

Kitaifa, Kenya ina kitengo cha magonjwa yanayotoka kwa wanyama kwenda kwa binadamu tangu 2012, ambamo daktari wa binadamu na daktari wa mifugo wanafanya kazi pamoja. Lakini afya na mifugo vyote viligatuliwa kwa kaunti, na huku chini kila idara ina bajeti yake, gari lake na mafuta yake. Mara nyingi kinachokwamisha ushirikiano ni mafuta. Gari la afya likipata dizeli Jumatatu na la mifugo likapata Alhamisi, boma lile lile litatembelewa mara mbili, mfugaji ataulizwa maswali yale yale mara mbili, na mara ya pili hatajibu. Kwa hiyo jambo la kwanza mezani ni mafuta ya magari yote mawili kutoka fungu moja, yaandikwe kwenye karatasi moja.

La pili ni daftari. Kila kaya inapewa namba, na kila sampuli inabeba namba ya kaya kwanza, kisha herufi: B binadamu, K kondoo, Z mbuzi, N ng'ombe, G ngamia, U mbu. Mbuzi hapewi M, kwa sababu M kwenye tyubu iliyolowa haijulikani ni mbuzi au mbu. Hivyo 07-K03 ni kondoo wa tatu wa kaya ya saba, na 07-B01 ni mtu wa boma hilo hilo. Bila namba ya kaya inayofanana, damu ya mtu itakwenda KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba Nairobi, na damu ya kondoo wake itakwenda maabara kuu ya mifugo Kabete, na hakuna atakayejua kwamba zilitoka chini ya mti mmoja.

La tatu ni nani anampigia nani. Kenya ina mfumo wa simu wa KABS kwa taarifa za mifugo na mDharura kwa matukio ya afya ya binadamu. Vyote vijazwe, ila usitegemee mfumo umfikishie mwenzako habari. Kanuni ya mzunguko huu ni hii: anayepata jibu kwanza anampigia mwenzake ndani ya saa moja, kabla ya kumwandikia mkubwa wake. Kuna saa nyingine zinazohesabiwa juu yake. Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 zinaipa nchi saa 48 kulipima tukio, kisha saa 24 kuliarifu Shirika la Afya Duniani. Na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani nalo linataka taarifa ya dharura ndani ya saa 24. Nchi haiwezi kutimiza hayo kama kaunti ilikaa na habari siku kumi.

Mizigo: tyubu 100 za kifuniko chekundu kwa seramu, 60 za zambarau kwa damu nzima, sindano 150, jozi 200 za glavu, barakoa 40 za kuchuja hewa, miwani minane ya kukinga, aproni za plastiki, gambuti, vikasha vitatu vya ubaridi, maji safi lita 60, klorini ya unga kilo 2. Dawa ya kunyunyizia ni klorini ya asilimia 0.5. Kwa unga wa asilimia 70, pima gramu 7 kwa lita, yaani gramu 143 kwa ndoo ya lita 20. Kama kuna jiki ya asilimia 3.5 tu, ni kipimo kimoja cha jiki kwa sita vya maji. Ichanganywe upya kila asubuhi, kwa sababu jua la Garissa huiua. Na gambuti zioshwe tope kwanza ndipo ziingie kwenye dawa: tope hula klorini, na mguu utatoka umelowa bila kuwa salama.

Vipande vya barafu, vile vya plastiki vyenye maji yaliyogandishwa ndani, visitoke kwenye friza kwenda moja kwa moja kwenye kikasha. Viache nje mpaka ukikitikisa kimoja usikie maji yanacheza ndani. Vikiwa vikavu kama jiwe, damu inayogusana navyo huganda kwa baridi, chembe zake hupasuka, na maabara itapokea maji mekundu. Kinachotakiwa ni nyuzi 2 hadi 8. Kipimajoto kikae ndani, katikati ya tyubu.

Siku ya 2. Garissa hadi Masalani

Kuondoka saa 12 asubuhi, kwa ulinzi wa polisi, na kufika kabla ya jua kuzama. Barabara ni ya udongo, na mvua ikiwa imepiga jana, zaidi ya kilomita mia moja za njia hii zinaweza kumaliza mchana mzima.

Njiani kazi ni kuangalia maji. Yanayotiririka kwenye laga, yaani mto wa msimu, hayatishi sana. Ya kuogopwa ni yale yaliyotuama kwenye kibonde kipana kisicho na kina, kilichoota majani. Humo ndimo mbu wa jamii ya Aedes, hasa Aedes mcintoshi, hutaga mayai kwenye udongo wa ukingoni. Mayai hayo hukaa kwenye udongo mkavu miaka mingi, na baadhi yake yana virusi tayari, vilivyotoka kwa mama. Bonde likifurika, huanguliwa, na katika muda wa wiki moja hadi siku kumi hivi mbu wazima wako hewani. Ndiyo maana ugonjwa huu uliotambuliwa karibu na Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930 hupotea miaka kisha ukarudi kana kwamba umeshuka na mvua. Baadaye maji yakikaa, mbu wa Culex huzaliana humo na kuusambaza kwa kasi zaidi. Wimbi la kwanza huwasha moto, la pili huupeleka mbali.

Kwenye kila kibonde, mtaalamu wa wadudu anachota mara kumi kwa upawa wa kawaida wa mililita 350, anahesabu viluwiluwi na kuandika mahali kwa GPS. Dakika kumi na tano zinatosha. Asiyeandika atarudi wiki ijayo na hatajua kama wameongezeka.

Wafugaji njiani wasiulizwe "Je, kondoo wanatupa mimba?" Swali hilo lina jibu ndani yake, mtu atasema ndiyo kwa adabu, au atasema hapana kwa kuogopa soko kufungwa. Huulizwa hivi: "Kundi likoje tangu mvua?" Kisha nyamaza. Wasomali wa huku wana jina la ugonjwa huu, *sandik*, kwa damu inayotoka puani. Mkalimani asilitaje yeye kwanza. Mzee akilitaja mwenyewe, andika saa, mahali na maneno yake yote.

Masalani, kabla ya jua kuzama: kumsalimu chifu, kisha mitego sita ya taa inatundikwa kama mita moja na nusu kutoka ardhini, mitatu kando ya maji na mitatu kando ya zizi. Pembeni ya kila mtego kuna barafu kavu, yapata kilo moja, itoe hewa ya kaboni ambayo mbu huifuata akidhani ni pumzi. Barafu kavu inatoka Nairobi na huyeyuka kuwa hewa hata ndani ya kasha zuri, kilo kadhaa kila siku. Anayepanga ya usiku mbili abebe ya usiku minne. Isibebwe ndani ya gari lililofunga vioo: hewa yake humlevya dereva.

Siku ya 3. Boma

Habari imetoka kwa mchungaji aliyefunzwa kuripoti magonjwa: kundi la kondoo na mbuzi karibu 180, mimba 14 zimetupwa ndani ya siku tisa, wana-kondoo 11 wamekufa.

Magari yanasimama mita mia moja kabla ya zizi, upande unaotoka upepo. Hakuna anayevaa mavazi ya kinga bado. Watu wakishuka wamevaa miwani na barakoa, wanawake na watoto hukimbia, na mazungumzo yanakufa kabla hayajaanza. Kwanza salamu, chai, kivuli, maelezo ya kila kinachokuja. Nusu saa hiyo haipotei.

Maswali yanayotenganisha ugonjwa na ugonjwa ni machache. Mimba zilikuwa za umri gani? Homa ya Bonde la Ufa hutupa za umri wote, ndani ya siku chache, karibu kundi zima la kondoo wenye mimba. Brusela, ugonjwa wa bakteria unaowapata watu pia, hutupa zaidi mimba zilizokomaa, moja leo nyingine juma lijalo. Wana-kondoo walikufa baada ya muda gani? Kwa homa ya Bonde la Ufa, mtoto wa chini ya wiki moja huugua asubuhi na kesho yake hayupo. Hata tisa kati ya kumi hufa. Kuna vidonda vya mdomo na kikohozi? Hapo fikiria sotoka ya mbuzi na kondoo. Kupe wengi, na wanyama wametoka mbali? Fikiria ugonjwa wa kondoo wa Nairobi. Ngamia na ng'ombe wanatupa pia? Jamii kadhaa za wanyama kwa wakati mmoja, baada ya mafuriko: shaka inapanda sana.

Swali moja huulizwa kabla ya kugusa mzoga wowote: kuna mnyama aliyekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani na nyuma? Hicho huenda ni kimeta. Mzoga wa namna hiyo haufunguliwi. Kisu kikiingia, vijidudu vinapata hewa, vinajifunga kwenye ganda, na uwanja huo unabaki na kimeta kwa miaka mingi. Huchukuliwa tone la damu la sikioni tu, kwenye kioo.

Halafu mavazi: gambuti, aproni, glavu za ndani, barakoa, miwani, glavu za nje. Kuvua ndiko watu huambukizwa, kwa hiyo mmoja anasimama bila kushika kitu, anamsomea mwenzake hatua kwa sauti.

Wanaotolewa damu ni kumi waliotupa mimba karibuni na wenye joto la zaidi ya nyuzi 40, pamoja na watano wanaoonekana wazima. Mshipa wa shingo, mililita 10, tyubu nyekundu na ya zambarau. Kila mnyama na sindano yake. Hili si usafi wa maonyesho: mnyama mwenye homa hii huwa na virusi vingi mno kwenye damu, na sindano moja ikipita kwa kumi, mtoa huduma ndiye mbu. Usivute pistoni kwa nguvu. Damu inayovutwa kwa pupa hupasuka. Tyubu nyekundu ziachwe wima kivulini nusu saa hadi saa moja zigande, ndipo ziingie kwenye ubaridi. Seramu hutengwa kwa mashine ya kuzungusha, mizunguko 3,000 kwa dakika, dakika 10, kwa umeme wa gari. Gari liwe linawaka. Betri peke yake itakuacha porini.

Kijusi kimoja kilichotupwa asubuhi hiyo hiyo kinafunguliwa juu ya plastiki, nje ya zizi: vipande vidogo vya ini na wengu, vingine vikavu kwenye ubaridi, vingine ndani ya fomalini ya asilimia 10. Ini la ugonjwa huu huwa laini, la manjano hadi kahawia, lenye madoadoa ya damu, lakini macho hayatoshi kusema.

Upande wa pili wa mti, muuguzi ana watu watatu wenye homa, mmoja wao mama. Mililita 5 kila mmoja, baada ya ridhaa kwa lugha yao. Tarehe ambayo homa ilianza ndiyo taarifa muhimu kuliko zote kwenye fomu: siku tatu nne za mwanzo virusi vinapatikana kwa PCR, kipimo cha vinasaba, baadaye vinatoweka kwenye damu na kinachotafutwa ni kingamwili za IgM, zile za mwanzo wa ugonjwa. Sampuli isiyo na tarehe ikitoka bila virusi, haijulikani kama mtu hakuwa nao au damu ilichelewa.

Namba ziandikwe kwa penseli kwenye plasta, si kalamu ya wino. Wino huosheka ndani ya maji ya barafu, na tyubu arobaini zisizo na majina ni safari iliyopotea.

Kijusi, kondo la nyuma na mizoga vinafukiwa shimo la mita mbili, mbali na kisima na mto, mahali pa juu. Karibu na mto Tana chimba kwenye mchanga ulioinuka. Bondeni ukifika mita moja unakuta maji.

Jambo zito kuliko yote likaja mwishoni, chai ya pili ikinywewa. Mnyama anayekaribia kufa huchinjwa haraka, kwa sababu akishakufa ni mzoga, haramu kuliwa. Mfugaji anaokoa riziki ya watoto wake. Lakini saa hiyo ndiyo virusi vimejaa kuliko saa yoyote kwenye damu ya mnyama, na anayechinja ana mikono mitupu, huenda ina mikwaruzo ya miiba. Milipuko iliyochunguzwa ilionyesha jambo hilo hilo: kushika vijusi na kuchinja au kuchuna wagonjwa ni hatari kubwa kuliko kula nyama iliyoiva. Nyama ikikaa huingia uchachu unaoua virusi, na moto humaliza. Hatari ni damu mbichi, maziwa mabichi na mikono.

Kumwambia mtu "usichinje mgonjwa" bila kumpa kitu badala yake ni kumwambia akubali hasara. Daktari wa mifugo na afisa wa afya, wakiwa pamoja mbele ya mzee, wanakubali maneno: msimu huu wa mbu, mnyama mwenye homa hachinjwi; akifa anafukiwa; anayelazimika kumshika avae glavu, na kama hakuna glavu, mifuko miwili ya plastiki mkononi. Boksi moja la glavu linaachwa kwa mama wa boma, kwa sababu wanawake ndio wanaowasaidia kondoo kuzaa na kukamua.

Siku ya 4. Kikasha kinaondoka, zahanati

Gari la pili linaondoka alfajiri na kikasha. Ufungaji ni wa tabaka tatu: tyubu ndani ya pamba ya kunyonya, ndani ya chombo kisichovuja, ndani ya boksi gumu. Orodha ya sampuli inakaa nje ya chombo cha pili, ndani ya mfuko wake, isilowe. Maabara ya kanda ya mifugo pale Garissa inapokea, inahakiki na kusukuma Nairobi: za binadamu KEMRI, za mifugo Kabete, kila upande ukipewa nakala ya orodha ya mwenzake.

Waliobaki wanafungua rejesta ya wagonjwa wa nje ya miezi miwili iliyopita. Kinachotafutwa ni homa yenye kipimo cha malaria kilichoonyesha hakuna. Kila mstari wa aina hiyo unanakiliwa: tarehe, umri, jinsia, kijiji, kazi. Mara nyingi safu ya "kazi" iko tupu, na kwa magonjwa haya safu hiyo ni nusu ya utambuzi. Mchungaji, mchinjaji, mkamuaji: hayo yaandikwe.

Wengi wenye homa ya Bonde la Ufa huugua kama mafua mazito na kupona. Wachache, chini ya mmoja kwa mia, hutoka damu, na kati ya hao karibu nusu hufa, kwa kawaida siku ya 3 hadi ya 6 tangu dalili. Wengine huona kiwi wiki kadhaa baadaye. Wauguzi wanakumbushwa mambo matatu: mwenye homa na mifugo asipewe aspirini wala ibuprofeni, huzidisha kutoka damu, malaria ikionekana isiwe mwisho wa kutafuta, mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na sindano, damu na glavu zishikwe kama za ugonjwa wa kuambukiza, ingawa maambukizi ya mtu kwa mtu ya homa hii hayajathibitishwa.

Rejesta ina mistari mingi ya "brusela" iliyotokana na kipimo cha haraka cha antijeni. Kipimo hicho hutoa "ndiyo" za uongo nyingi. Kipimo cha Rose Bengal ni bora zaidi, hugharimu kidogo na majibu hutoka dakika nne. Kati ya wagonjwa waliokwisha pewa dawa za wiki sita, huenda wapo wasio na brusela kabisa, na ugonjwa wao halisi haukutafutwa.

Mitego ya usiku wa pili: mbu wanapangwa kwa jamii, wasiozidi 25 kwa kifungu, moja kwa moja kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika.

Siku ya 5. Ijumaa, Masalani

Kazi moja tu, nayo inafanywa kabla ya adhuhuri: imamu anapewa sentensi nne zilizokubaliwa na idara zote mbili. Nyama iliyokaguliwa na kuiva vizuri ni salama. Maziwa yachemshwe. Mnyama mgonjwa asichinjwe wala kuchunwa. Homa baada ya kushika kijusi au damu, nenda zahanati na useme umeshika.

Zikizidi nne hazikumbukwi. Na ziwe zile zile kwa imamu, kwa chifu na kwenye redio ya Kisomali. Afya ikisema "acheni nyama" huku mifugo ikisema "nyama iliyokaguliwa ni sawa", watu wataacha kusikiliza wote wawili.

Siku ya 6. Kurudi Garissa: soko na kichinjio

Soko la mifugo la Garissa hulisha Nairobi na Mombasa. Hapa ndipo Afya Moja hugusa mfuko. Mlipuko wa Saudi Arabia na Yemen wa 2000, wa kwanza nje ya Afrika, ulifuatiwa na kufungwa kwa soko la Ghuba kwa mifugo ya Pembe ya Afrika kwa miaka, na kaya zilizoishi kwa kuuza kondoo wakati wa Hija zilifilisika. Mfanyabiashara anayejua hayo haripoti mimba zilizotupwa. Anauza kundi usiku. Karantini inayotangazwa bila mpango wa malisho, maji na tarehe ya kutazamwa upya huwafundisha watu kuficha. Sisi tunaona afadhali kufunga eneo dogo mapema kwa siku zinazojulikana kuliko kufunga kaunti nzima kwa hofu.

Chanjo huulizwa kila mara hapa, na jibu halipendezi: wakati wake umepita. Chanjo hai ya Smithburn, inayotengenezwa Kenya, ni dozi moja chini ya ngozi na hutoa kinga ya muda mrefu, lakini huweza kutupisha mimba, kwa hiyo haifai kwa wenye mimba. Na ikichomwa virusi vikiwa tayari kwenye kundi, mchomaji husambaza kwa sindano na lawama zote zinaangukia chanjo. Mahali pake ni kabla ya mvua, pale utabiri wa El Niño na joto la Bahari ya Hindi unapoonya. Mwaka 2006 onyo la setilaiti lilitangulia wagonjwa kwa wiki kadhaa. Chanjo, fedha na magari havikuwa tayari kulipokea.

Kichinjioni, mkaguzi wa nyama anapewa namba za simu za watu wawili badala ya mmoja, na orodha fupi: maini yenye madoadoa, vijusi vingi kwa siku moja, mchinjaji asiyekuja kazini kwa homa.

Siku ya 7. Majibu

Saa 4 asubuhi Kabete inapiga: kondoo wote 15 na kijusi, hakuna virusi vya homa ya Bonde la Ufa kwa PCR, hakuna IgM. Brusela ipo kwa kondoo saba. Daktari wa mifugo anampigia afisa wa afya kabla ya kuandika chochote. Jioni KEMRI inajibu: homa ya Bonde la Ufa hakuna, 07-B02, mama anayekamua, ana brusela.

"Hakuna" ya leo ni ya leo. Maji bado yamesimama, na viluwiluwi vya Culex vilikuwa vinaanza tu kuonekana. Boma litatembelewa tena baada ya siku 14, mitego itarudi pale pale, na daftari linabaki wazi mpaka mabonde yakauke.

Mama anaanza matibabu kupitia zahanati: doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku pamoja na rifampisini, wiki sita kamili. Kwanza aulizwe kama ana mimba, maana doksisaiklini haimfai mjamzito. Wengi huacha wiki ya pili homa ikipoa, na ugonjwa hurudi kwenye viungo na mgongo. Kwa hiyo mhudumu wa afya wa jamii anapewa tarehe sita za kumpitia, moja kila wiki.

Simu ya mwisho ni kwa mzee, kwa mkalimani, idara zote mbili zikiwa kwenye laini. Anaambiwa kilichopatikana na kisichopatikana, kondoo gani saba kwa alama walizowekwa, wasiuzwe kwa boma jingine, maziwa yachemshwe mpaka yafure, na waliotupa mimba watengwe wakati wa kuzaa. Anauliza kama glavu zitaletwa nyingine. Zinaandikwa: maboksi mawili, kaya 07, safari ya baada ya siku 14.